Asili, nakala na pikipiki ya marehemu



Majuma mawili yaliyopita tulipokea wageni watatu kutoka upande wa Mgeta: mama mjane, kijana wake wa kiume, na mjomba wa kijana huyo. Kwa desturi ya Waluguru mjomba hakosekani mali inapozungumzwa, hata kama mali yenyewe ilichumwa na baba. Walikuwa na kadi ya pikipiki iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, na ombi ambalo hatujapata kuletewa katika miaka yote ya utumishi wetu. Walitaka barua. Walikuwa wamekwisha kuiandika wenyewe katika karatasi ya daftari, kwa mwandiko mzuri wa kijana, nasi tulitakiwa kuinakili tu, kutia sahihi na kugonga mhuri. Ilisema kwamba sisi, tuliomfahamu marehemu kwa muda mrefu, tunathibitisha kuwa pikipiki yake aina ya Honda CG125 ni ile ile aliyoinunua ikiwa mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwamba tangu hapo haijabadilishwa kitu.

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyotukwamisha.

Marehemu alikuwa bwana shamba, na pikipiki yake tuliifahamu karibu kama tulivyomfahamu yeye mwenyewe. Tulipakiwa nyuma yake mara nyingi, tukitoka njia panda ya Sangasanga kupanda kuelekea Langali na Nyandira, mvua ikinyesha, matope yakiruka hadi magotini, naye akizungumza juu ya viazi na kabichi kana kwamba tumekaa sebuleni. Tulikuwepo pia siku injini yake ilipokufa. Mkono wa pistoni ulivunjika ukatoboa ubavu wa injini, mafuta yakamwagika barabarani, na bwana shamba akakaa juu ya jiwe akiitazama kama mtu aliyefiwa. Huo ulikuwa mwaka 2009. Mwezi uliofuata alifunga injini mpya ya Kichina aliyoinunua mjini Morogoro, nayo ikaingia katika fremu ile ya Kijapani bila kukatwa chuma chochote. Kwa injini hiyo aliendelea kupanda na kushuka milima hadi alipofariki.

Sababu ya barua ilikuwa mnunuzi. Yupo mtu wa Dar es Salaam anayekusanya pikipiki za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 na kuwauzia wanaozipenda kwa ajili ya uzee wake. Aliiona pikipiki ya marehemu imesimama kando ya duka Nyandira siku ya soko, akaizunguka mara tatu, akauliza mwenyewe ni nani. Alieleza waziwazi bei zake. Kama pikipiki ni kamili, yaani vifaa vyote ni vya kiwandani na namba za fremu na injini zinalingana na kadi, angetoa shilingi milioni nne. Kama imechanganywa vifaa, angetoa laki nane. Na kwa kuwa hakuwa na muda wa kuikagua siku ile, aliomba apelekewe uthibitisho kutoka kwa mtu wa kuaminika.

Kijana alikwisha kufanya mipango. Fundi mmoja alikuwa tayari kuisaga kwa grenda namba ya injini ya Kichina na kugonga mahali pake namba iliyoko kwenye kadi. Lilikwisha kupatikana na tangi jipya la kuigiza, lenye rangi nyekundu inayong'aa na stika za mabawa ubavuni, zuri kuliko hata lile lililotoka kiwandani. Kilichobaki ni barua. Tusisahau kueleza kwamba binti mdogo wa marehemu amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na kwamba shamba la familia hiyo msimu uliopita liliharibiwa na mvua. Hawakuwa watu wenye tamaa. Walikuwa watu wenye shida, na shida yenyewe ilikuwa na tarehe ya mwisho.

Tuliomba siku tatu za kufikiri. Tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyawaza katika siku hizo, na baadhi tuliyawaza baada ya kukosea kwanza.

Jambo la kwanza lililotusumbua ni neno lenyewe. Sisi wa Morogoro tunasema "orijino" na "feki" kana kwamba ni mchana na usiku. Lakini mwulize fundi yeyote wa Msamvu maana ya spea orijino, utapata majibu zaidi ya moja. Mmoja atakuambia ni ile iliyotengenezwa na kampuni yenyewe. Mwingine, ile iliyotoka Japan, hata kama imetengenezwa na nani. Wa tatu, naye ndiye mkweli wao, atakuambia orijino ni ile inayodumu. Tumewahi hata kuuziwa kebo ya klachi iliyosifiwa kuwa ni "feki orijino", na tunakiri kwamba ilituvusha masika mawili.

Tazameni basi hiyo Honda CG125, ambayo katika kisa chetu ndiyo inayoitwa ya asili. Ilianza kuuzwa mwaka 1976. Wahandisi wa Honda walikuwa wametazama jinsi pikipiki zao zinavyotumika katika nchi zinazoendelea, wakaona ambacho mtu yeyote wa Mgeta angeweza kuwaeleza bila malipo: kwamba mzigo unazidi kiasi, mafuta ya injini hayabadilishwi kwa wakati, na fundi yuko mbali. Pikipiki yao ya CB125, ambayo kamshafti yake hukaa juu katika kichwa cha injini na kuzungushwa na cheni ndogo, haikuvumilia maisha hayo. Wakaamua kurudi nyuma. Walichukua mtindo wa zamani wa vijiti vinavyosukuma valvu, wakaitupa ile cheni ndogo na kuweka giya mahali pake, na mnyororo wa gurudumu wakaufunika wote ndani ya kasha la bati ili matope yasiufikie. Pikipiki hii ilibuniwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuitunza. Hatujui sifa kubwa kuliko hiyo ambayo mhandisi anaweza kupewa.

Na kwa kuwa ilikuwa nyepesi kutengeneza, ilikuwa nyepesi pia kuiga. Viwanda vya China viliichukua injini hiyo vikaitoa kwa wingi na kwa majina mengi, na pikipiki za SANLG na ndugu zake zilizojaa barabara zetu zikatoka katika ukoo huo. Kilichofuata kinachekesha kidogo. Katika kisiwa cha Hainan kulikuwa na kampuni iliyojulikana kwa kutengeneza pikipiki za kuigiza mitindo ya Honda. Mwaka 2001 Honda yenyewe iliingia ubia nayo, ikazaliwa Sundiro Honda. Aliyeigwa alimwalika mwigaji mezani, wakafungua kiwanda pamoja. Sasa mwenye busara atuambie: pikipiki iliyotoka katika kiwanda kile siku moja kabla ya kutia sahihi na ile iliyotoka siku moja baadaye, ipi ni feki?

Wapo watakaosema kwamba huo ni ujanja wa Wachina, na kwamba Mjapani hakuiga mtu. La hasha. Mwaka 1939 kampuni ya DKW ya Ujerumani ilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125. Vita vilipokwisha na Ujerumani kushindwa, michoro yake ikawa kama mali isiyo na mwenyewe. Waingereza waliitumia kutengeneza BSA Bantam mwaka 1948. Harley-Davidson ya Marekani ilitoa ya kwake iliyotokana na michoro hiyo hiyo, na Warusi nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1955 kampuni ya Yamaha ilitoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1, nayo ilikuwa imeifuata DKW ile. Yamaha tunayoisifu leo kuwa ni mashine ya asili ya Kijapani ilianza maisha kama nakala ya Kijerumani. Kadhalika zile pikipiki za Enfield Bullet. Kampuni ya Kiingereza iliwakabidhi Wahindi wa Madras utengenezaji mwaka 1955. Kiwanda cha Uingereza kikafa kufikia 1970, na cha Madras kikaendelea. Mtoto aliishi, mzazi akafa, na mtoto ndiye mwenye jina.

Hata lugha yetu haikusalimika. Bajaj ya India ilitengeneza Vespa za Kitaliano kwa leseni hadi mwaka 1971, na leseni ilipokwisha ikaendelea kutengeneza za namna hiyo kwa jina lake. Ile ya magurudumu matatu nayo, asili ya umbo lake ni gari dogo la Ape lililobuniwa na Piaggio hao hao wa Vespa mwaka 1948. Lakini nani katika mji wetu anajua neno Ape? Sisi tunasema bajaji, na hata ile iliyoandikwa TVS kwa herufi kubwa mbele tunaiita bajaji. Jina la aliyepewa leseni limekuwa jina la kitu chenyewe.

Basi tunasema wazi, ili tusieleweke vibaya huko mbele: nakala hatuilaumu. Kijana wa Kinole anayenunua pikipiki ya Kichina hadanganywi na wala hadanganyi. Imeandikwa jina lake kwenye tangi, bei yake inajulikana, na anajua kwamba baada ya miaka michache itadai ringi na beringi. Kama milima yetu ingesubiri mpaka kila kijiji kimudu pikipiki mpya kutoka Japan, ndizi za Kinole zingekuwa bado zinateremshwa kichwani, na mama mwenye uchungu wa uzazi usiku angekuwa bado anabebwa kwa machela. Tunaziona kila siku pikipiki hizo zikipanda na magunia mawili na mtu juu yake, na hatuna moyo wa kuziita feki.

Kwa nini basi mtu wa Dar es Salaam atoe milioni nne kwa pikipiki yenye miaka zaidi ya 40, ilhali kwa fedha hiyo angepata mpya na chenji ikabaki?

Hapa ndipo tulipojikuta tunatazama mbali kidogo. Mwezi Januari 2023 huko Las Vegas, Marekani, pikipiki ya Harley-Davidson ya mwaka 1908 iliuzwa mnadani kwa dola 935,000. Boxer yoyote ya hapa Masika ingeipita kwenye mlima bila shida. Aliyeinunua hakununua mwendo wala nguvu. Alinunua ukweli kwamba chuma hiki, hiki chenyewe, kilitengenezwa na mikono ya watu wa mwaka ule, na kwamba vichache mno vimebaki. Mafundi hodari wa leo wanaweza kutengeneza nakala yake ambayo macho yetu yasingeitofautisha, na ikawaka vizuri kuliko ya asili. Nakala hiyo isingepata hata sehemu ndogo ya bei ile, kwa sababu haikuwepo. Ni kama picha nzuri ya babu iliyochorwa na mtu ambaye hakumwona.

Kisa kingine kinatufaa zaidi. Mwaka 1969 ilitoka filamu ya Easy Rider, na pikipiki yake iliyochorwa bendera ya Marekani kwenye tangi ikajulikana ulimwenguni kote. Nyingine zilizotumika katika filamu ziliibwa, na moja iliyoharibiwa katika onyesho la mwisho ilisemekana kuwa imejengwa upya. Mwaka 2014 pikipiki iliyotajwa kuwa ndiyo hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.35. Hapo hapo ukazuka ugomvi, maana mtu mwingine huko Texas alikuwa na pikipiki nyingine ya namna hiyo, naye alikuwa na hati ya kuithibitisha, na hati zote mbili zilikuwa na sahihi ya mtu yule yule. Chuma hakikubadilika hata msumari mmoja. Kilichotikisika ni neno la shahidi, na pamoja nalo thamani yote.

Tuliposoma habari hiyo ndipo tulipofahamu tumeombwa nini. Pikipiki ya marehemu, kama ilivyo, ni laki nane. Pamoja na barua yetu ni milioni nne. Tangi jipya halikuongeza kitu, stika hazikuongeza kitu, hata grenda na namba za kugongwa zingekuwa kazi bure bila ya mtu wa kuzisemea. Kifaa cha thamani kuliko vyote katika pikipiki ile kilikuwa ni karatasi moja yenye sahihi, nacho kilikuwa ni cha kuigiza. Milioni tatu na laki mbili zilikuwa bei ya neno letu.

Kijana tulimweleza hivyo. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akatujibu jambo ambalo bado tunalo moyoni. Alisema, "Baba, wanunuzi hao hao wa mjini wanakuja huku wanatupimia viazi kwa lumbesa. Gunia wanalijaza mpaka linaota nundu, wanalishonea kofia juu, na bei ni ya gunia moja. Hakuna anayetuandikia barua. Sisi tukiwapimia wao namba moja tu ya injini, ndiyo kosa?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na hatutajifanya tulikuwa nalo. Mkulima wa Nyandira anajua kuliko sisi maana ya kipimo cha uongo, kwa kuwa kimemla miaka nenda miaka rudi, na katazo la serikali juu ya lumbesa linafika milimani likiwa limechoka. Tulichoweza kumwambia ni kwamba kipimo kikishakuwa cha uongo hakichagui wa kumla. Mnunuzi yule hatabaki na pikipiki. Ataiuza kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, na siku moja askari atainamia injini na tochi na kukuta mahali palipopitishwa grenda. Pikipiki yenye namba zilizosagwa, mbele ya sheria, hufanana kabisa na ya wizi, na atakayelala kituoni ni yule wa mwisho, ambaye yamkini ni kijana mwenzake aliyejichangisha. Ipo pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inayokataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo, lakini tunakiri kwamba sheria hiyo haikumgusa kijana kama ilivyomgusa habari ya mtu wa mwisho.

Hata hivyo kuna upande mmoja ambao tuko pamoja naye, na hapa tunagombana na wakusanyaji. Kanuni yao kwamba pikipiki isiyoguswa ndiyo yenye thamani ni kanuni ya watu wenye gereji. Pikipiki gani ya Uluguru inaweza kuwa haijaguswa? Ile iliyobaki na kila kitu cha kiwandani aghalabu ni ile iliyokaa chini ya turubai katika nyumba ya mtu mwenye gari. Iliyopanda Nyandira kila juma, ikabeba sampuli za udongo na chanjo za kuku, ikaanguka na kuinuliwa, hiyo lazima iwe na kiti kilichoshonwa upya na ekzosi iliyochomelewa. Pikipiki nyingi za zamani zilizobaki huku zina historia kama hiyo. Zilikuwa za mabwana shamba, za waganga wa zahanati, za wamisionari na makatekista waliozipata kwa msaada wa mashirika ya Ulaya kama MIVA, lile lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1927 kwa ajili ya vyombo vya usafiri vya misioni. Zilipewa kazi, nazo zikaifanya. Kwetu sisi injini ya Kichina ya mwaka 2009 si doa katika historia ya pikipiki ya marehemu. Ni sura yake ya pili, na ni ya kweli.

Lakini kubishana na kipimo cha mtu ni jambo moja, na kukichezea gizani ni jingine. Anayeuza ana haki ya kusema, "Hii ndiyo historia yake, nami naona inastahili zaidi ya laki nane." Mnunuzi ana haki ya kukataa. Hapo wote wawili wamesimama penye mwanga.

Siku ya nne tulipanda Mgeta pamoja na fundi mzee tunayemwamini. Tulitaka kuiona pikipiki kabla ya kuandika neno lolote, na tunawashauri wote wanaoombwa barua za namna hii wafanye hivyo. Namba ya fremu, pale shingoni mwa usukani, ilikuwa safi na inalingana na kadi. Kabureta ilikuwa ya asili, jina la Keihin limo ndani ya chuma chenyewe, wala si la kubandikwa. Kasha la mnyororo lilikuwepo, jambo ambalo fundi alisema ni la ajabu, maana watu wengi hulitupa mara tu linapoanza kugonga. Ekzosi si yake. Taa ya nyuma ni ya pikipiki ya Kihindi. Kiti kilishonwa na fundi viatu, tena kwa uzi wa viatu.

Ndipo mama, ambaye siku zote hizo alikuwa hajasema neno, akauliza kama tungependa kuona "ile nyingine". Tulidhani anazungumzia pikipiki nyingine. Alitupeleka jikoni, akamwamuru kijana apande darini, na kutoka nyuma ya mahindi ya mbegu ikateremshwa injini iliyofungwa katika gunia: ile ya mwaka 2009, yenye tundu ubavuni linaloweza kuingia ngumi, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Fundi alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa akasugua. Namba ikaonekana, tarakimu moja baada ya nyingine, na mjomba akaisoma kwa sauti huku kijana akifuatilia kwenye kadi. Ilikuwa yenyewe. Tangi la zamani nalo lilikuwa nyuma ya nyumba likitumika kama kigoda cha kuku, limebonyea upande wa kushoto, rangi imekwajuka, lakini halina tundu. "Mume wangu hakutupa chuma," alisema mama. Kijana hakujua kama vitu hivyo vipo. Alikuwa amekwenda mjini kutafuta uongo wa kununua, na ukweli ulikuwa juu ya dari.

Tulikaa pale pale uani tukaandika barua nyingine. Tulitaja fremu, injini inayofanya kazi na mwaka ilipofungwa, injini ya asili na tundu lake, tangi la asili na pale lilipobonyea, na kila kifaa kilichobadilishwa ambacho mimacho ya fundi ilikiona. Tuliongeza kwamba marehemu hakupeleka taarifa ya kubadili injini ili kadi irekebishwe, na kwamba atakayenunua ajue hilo ni la kushughulikiwa. Tukaandika pia mahali pikipiki ile ilikopita na kazi iliyofanya, kwa kuwa tulikuwa mashahidi wa hilo na hakuna mtu mwingine anayeweza kuliandika. Barua ilijaa kurasa mbili. Mjomba aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akasema, "Baba Paroko, barua hii imeandikwa kumfukuza mteja."

Huenda amesema kweli. Tunajua pia kwamba wako wasomaji wetu wenye pikipiki, baiskeli za Raleigh, redio na cherehani za zamani katika dari zao, na kwamba wanunuzi wa namna hii watazidi kuja. Hao tunawaomba jambo dogo tu. Msipake rangi mpya kabla ya kuuliza. Kutu inaweza kuondolewa na mtu mwenye subira, lakini rangi ya kwanza ikishakwanguliwa hairudi, na namba iliyosagwa hairudi kabisa. Kifaa kibovu mlichokitoa kiwekeni, hata kama kinawaudhi. Kadi na risiti zihifadhiwe mbali na panya. Na anayekuja kuzunguka mali yenu mara tatu kabla ya kuuliza bei, huyo anajua kitu msichokijua. Mpeni maji ya kunywa na mwambieni arudi juma lijalo.

Barua yetu ilisomwa kwa mnunuzi kwa simu. Alinyamaza kwa siku nne. Siku ya tano alipiga mwenyewe, hakuuliza habari ya tangi wala ya fremu, aliuliza tundu la injini lina ukubwa gani na kama vipande vilivyovunjika vimo ndani ya gunia. Mama akamjibu kwamba vimo. Akasema atapanda Jumamosi kuangalia kwa macho yake, na juu ya bei hakusema lolote. Malipo ya kwanza ya chuo yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kijana hajatusalimu vizuri tangu siku ile, nasi hatumlaumu. Tangi la kuigiza amelirudisha dukani wakakataa kulipokea, kwa hiyo amelifunga kwenye pikipiki na kuendelea na kazi. Jana asubuhi alishuka Nyandira na magunia mawili ya kabichi, na kwa maneno ya mama yake, iliwaka kwa kiki ya kwanza.